Kidole kimoja hakivunji chawa: namna ya kupata kikundi cha kusaidiana kuacha pombe



Katika ziara zetu kwenye kambi, katika vijiji ambako watu wamerudi, na kwa familia zinazopokea wageni, kuna ulizo moja linalotufikia mara nyingi. Haliulizwi mbele ya watu wote. Mkutano ukiisha, mama mmoja anabaki nyuma kidogo na kusema kwa sauti ya chini: "Papa wa watoto anataka kuacha pombe lakini peke yake hawezi. Aende wapi?" Mara nyingine ni kijana anayeuliza kwa ajili ya "rafiki yake". Mara nyingine ni kiongozi wa bloki, mtu anayeheshimiwa, anayejiulizia mwenyewe.

Jibu letu ni fupi: atafute wenzake. Mtu anayetaka kuacha pombe anahitaji watu wengine walio katika vita hiyo hiyo. Katika makala hii tunaeleza kikundi cha kusaidiana ni nini, namna ya kukipata, mambo yanayotokea siku ya kwanza, na kazi ya viongozi. Tunaeleza pia kwa nini siri ndiyo mlango wa kikundi. Mlango huo ukivunjika, hakuna atakayeingia tena.

Kwa nini kuzungumza juu ya pombe katika gazeti la amani?

Wazee wanaokaa kwenye barza wanajua jibu. Kesi nyingi wanazosikiliza jioni zilianza na kikombe cha mchana: mume aliyeuza bashi ya nyumba, vijana wawili waliopigana kwenye nganda, mwenyeji na mgeni waliotukanana kabila wakiwa wamelewa, na kesho yake jamaa zao zikashika mapanga. Wazee wanaweza kusuluhisha ugomvi leo. Lakini kiu ya pombe ikibaki, ugomvi ule ule utarudi juma linalofuata.

Hatusemi kwamba kila anayekunywa ni mgonjwa. Kwetu kasiksi na mandale zina nafasi yake katika mahari, katika kilio na katika kazi ya shamba ya pamoja. Lakini vita vimebadilisha mambo. Mtu aliyekimbia amepoteza shamba, mifugo, kazi, na mara nyingine watu wake. Mchana ni mrefu na hakuna la kufanya. Usiku usingizi hauji kwa sababu ya yale aliyoyaona. Anagundua kwamba kikombe cha kanyanga kinaleta usingizi upesi. Miezi ikipita, kikombe kimoja hakitoshi tena, kwa sababu mwili umezoea. Tena kikombe cha kanyanga si sawa na kikombe cha bia. Bia ya kiwandani ina alkoli karibu sehemu 5 kwa 100. Pombe zinazokenekwa, kama kanyanga na lutuku, zinaweza kufika sehemu 40 au zaidi.

Tutajuaje kwamba pombe imekuwa ugonjwa? Hizi ni alama chache:

- Mtu anahitaji kunywa asubuhi ili mikono isitetemeke.
- Ameahidi kuacha mara nyingi, na kila mara ameshindwa.
- Anaficha chupa, au anadanganya juu ya feza.
- Anaendelea kunywa ingawa anaona wazi kwamba pombe inavunja nyumba yake, kazi yake au afya yake.

Mwenye alama hizi hatapona kwa kutukanwa wala kwa kupigwa. Ni mgonjwa anayehitaji msaada, na ugonjwa huu unatambuliwa na waganga duniani kote.

Kikundi cha kusaidiana ni nini?

Ni watu wenye shida moja wanaokutana kila juma, siku ile ile na saa ile ile, kuambiana ukweli na kutiana nguvu wasinywe. Si hospitali, si ibada, wala si mahali pa kugawa vitu. Hakuna mwalimu. Aliyekaa miezi 6 bila kunywa anamsikiliza aliyekaa siku 2, na wote wawili wanapata faida: mmoja anaona kwamba inawezekana, mwingine anakumbuka alikotoka.

Njia hii imejaribiwa muda mrefu. Mwaka 1877, katika mji wa Geneva huko Uswisi, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha chama cha Croix-Bleue, yaani Msalaba wa Buluu, ili kuwasaidia walevi na jamaa zao. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara mmoja aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa safarini na kazi iliyompeleka huko ilikuwa imeshindikana. Tamaa ya kunywa ikamshika. Badala ya kuingia baa, alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapata daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye naye alikuwa akiangamizwa na pombe. Kutokana na mazungumzo yao kilizaliwa chama kinachoitwa Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi, hata Nairobi wanakoishi wakimbizi wengi wa Kongo. Mwaka 1951 kikazaliwa chama kingine, Al-Anon, kwa ajili ya jamaa za walevi.

Tunaeleza historia hii kwa sababu moja. Watu hao walianza wakiwa wawili. Hawakuwa na nyumba ya mikutano, hawakuwa na mfadhili, hawakuwa na muhuri wa Leta. Mpaka leo kuingia Alcoholics Anonymous hakulipiwi, na sharti ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usitafute kwanza jina kubwa mlangoni. Tafuta watu wanaofanya kazi hiyo. Penye jina lolote, au pasipo jina kabisa, kikundi ni kikundi.

Kwanza, angalieni mwili

Kabla ya kwenda kwenye kikundi, kuna jambo la kujua, maana linaweza kuokoa maisha. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku, hasa yule anayetetemeka asubuhi, asiache ghafla akiwa peke yake.

Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unashtuka. Siku ya kwanza mtu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku 2 za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine wanachanganyikiwa, wanapata homa, wanaona wadudu au watu wasiokuwapo. Majirani wanaweza kusema ni pepo, au amerogwa. Hapana. Ni mwili unaodai pombe, na hali hiyo inaweza kuua.

Kwa hiyo:

- Mpelekeni kwanza kwenye kituo cha afya. Mwambieni muuguzi ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na kama amewahi kuanguka alipojaribu kuacha.
- Akianguka au akianza kuona vitu visivyokuwapo, msimfunge kamba. Mwondoeni karibu na moto na mawe, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu kinywani, na mkimbizeni kwa waganga.
- Msinunue vidonge vya usingizi sokoni. Muuguzi ana dawa za kupunguza hatari hii na vitamini B1 ya kulinda ubongo, naye anajua kipimo. Vidonge hivyo vikichanganywa na pombe vinaweza kusimamisha pumzi.
- Apewe maji ya kunywa na chakula chepesi, na mtu wa kukaa naye usiku.

Shida ikizidi nguvu za kituo, muuguzi atamtuma mbele. Kuna vituo vinavyojulikana kwa kutunza wagonjwa wa akili, kama Tulizo Letu huko Goma, SOSAME huko Bukavu, na Docteur Joseph Guislain huko Lubumbashi. Kabla ya kusafiri, ulizeni kwanza hali ya njia na gharama.

Tuulize wapi?

Vikundi hivi havina kibao barabarani. Vinapatikana kwa kuuliza watu wanaotunza siri. Anzeni na hawa:

- Muuguzi wa kituo cha afya, au mtu wa kituo anayezungumza na wagonjwa.
- Mama mshauri wa kartie au wa kambi. Anajua habari za nyumba nyingi na hazitangazi.
- Mchungaji, padri au imamu, kama ni mtu mnayemwamini kwa siri.
- Mtu aliyeacha pombe. Karibu kila kijiji kina mmoja. Mwendeeni jioni, mkamuulize: "Papa, ulifanyaje?" Ni watu wachache wanaokataa kujibu ulizo hilo.

Mkisikia habari za kikundi, chunguzeni kabla ya kumpeleka mtu. Kikundi kizuri hakidai feza ya kuingia. Hakiulizi kabila wala kanisa. Hakitaji majina nje. Kinamruhusu mgeni kunyamaza na kurudi nyumbani wakati wowote. Jihadharini na mahali ambapo watu wanafungwa minyororo, wanapigwa au wananyimwa chakula "ili pepo watoke", na mahali panapouza dawa ya kuponya ulevi kwa siku moja. Dawa ya namna hiyo hakuna.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Watu wengi wanageuka njiani kwa sababu hawajui watakuta nini. Haya ndiyo tuliyoyaona katika vikundi tunavyovitembelea kwa ruhusa yao.

Watu 5, au 8, au 12, wameketi duara: kwenye darasa baada ya masomo, nyuma ya kituo cha afya, au chini ya mwembe. Hakuna meza ya mbele. Mmoja anaongoza siku hiyo, na juma linalofuata ataongoza mwingine. Anakumbusha kanuni, kisha anauliza: "Nani anataka kusema?" Anayetaka anasema habari zake: juma lilikwendaje, wapi pombe ilimwita, alifanya nini. Wengine wanasikiliza. Hawamkatizi, hawamhukumu, hawamwambii "ungefanya hivi". Akimaliza wanasema asante, na mwingine anaanza. Baada ya saa moja hivi wanafunga na kutawanyika wawili wawili.

Mgeni halazimiki kusema kitu. Anaweza kutaja jina moja tu, au jina la kupanga. Anaweza kusikiliza mara tatu kabla ya kufungua kinywa. Jambo moja tu linaombwa: asije na chupa. Akija amelewa hafukuzwi. Anaketi pembeni na kusikiliza, na mwenzake mmoja anamsindikiza nyumbani.

Msimpime mtu kwa siku ya kwanza. Wengi wanatoka wakisema, "Hawa si kama mimi, mimi sijafika huko." Tunawaomba wahudhurie mara 4 au 5 kabla ya kuamua. Mara nyingi anayesema hivyo juma la kwanza ndiye anayefika wa kwanza juma la tatu.

Kila mgeni hupewa mwenzi wa njia: mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke. Huyo ndiye anayeitwa saa ambayo kiu inakaba koo. Kazi yake kubwa ni katika siku za hatari, na siku za hatari zinajulikana mbele: siku ya kugawa msaada wa feza, siku ya soko, siku ya kilio, siku habari mbaya inapofika kutoka kijijini. Papa mmoja alituambia kwamba siku ya msaada anakwenda kupokea pamoja na mwenzi wake wa njia, wanapita barabara isiyo na nganda, na feza inaingia mkononi mwa mke wake kabla hajaketi.

Siri ndiyo mlango

Katika eneo letu siri ina uzito kuliko mahali pengine, na kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni kanisa. Makanisa mengi ya kwetu yanakataza pombe. Shemasi au mama mwimbaji anayekunywa kwa siri anaogopa kutengwa, kwa hiyo anajificha mpaka ugonjwa uwe mkubwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hatafunua maradhi yake kwa watu watakaoyapeleka kwenye komite ya kanisa.

Ya pili ni msaada. Watu wanaogopa kwamba jina likiandikwa "mlevi", litaondolewa kwenye liste ya chakula. Kwa hiyo kikundi kisiwe na liste. Kuhesabu vichwa kunatosha. Na hakuna shirika, hata letu, linaloruhusiwa kuomba majina hayo ili kujaza ripoti yake.

Ya tatu ni usalama. Katika duara moja wanaweza kuketi mtu aliyebeba bunduki na mtu aliyekimbia bunduki. Pombe inafungua kinywa, na kuacha pombe kunafungua moyo. Kwa hiyo vikundi vingi vimeweka kanuni hii: hapa tunazungumza juu ya pombe na maisha yetu wenyewe. Hatutaji jina la kikundi cha silaha, la kamanda, la mahali pa askari, wala la mtu aliyetenda ubaya. Mwenye mzigo wa namna hiyo anasaidiwa kumwona mshauri peke yake. Kwa kanuni hiyo watu wa makabila yanayoogopana wameweza kuketi mahali pamoja juma baada ya juma. Hawakuja kutafuta upatanisho, walikuja kutafuta namna ya kulala bila kanyanga. Lakini mtu aliyekushika mkono ulipokuwa ukitetemeka, ni vigumu kumwita adui tena.

Akina mama wanaokunywa, na akina mama wanaokeneka

Mwanaume akilewa watu wanacheka. Mwanamke akilewa watu wanatema mate. Ndiyo maana akina mama wanaokunywa wanakunywa ndani, usiku, na ni wachache wanaofika kwenye kikundi cha wanaume. Wanahitaji kikundi chao, mchana, mahali pa karibu, pamoja na mtu wa kuangalia watoto. Mara nyingi kinafaa kukutana siku moja na MUSO au kikundi cha kushona, maana hapo mama anaweza kutoka nyumbani bila kuulizwa anakokwenda.

Kuna pia mama anayekeneka kanyanga ili kulisha watoto. Tumeona vijana wakitumwa kumwaga mitungi yake na kuvunja mapipa. Matokeo ni kwamba watoto wake walilala njaa, naye alianza tena mahali pa kujificha zaidi, kwa deni. Mama huyu si adui wa kikundi. Zungumzeni naye. Mama mmoja alikubali kutomkopesha mtu yeyote aliyemwomba mwenyewe, "mama, usinipe tena". Hilo ni jambo dogo, lakini lilisaidia watu kadhaa. Na komite ikigawa nafasi za kazi ndogo, mbegu au mkopo wa MUSO, ikumbuke kwamba mama anayetaka kuacha kukeneka anahitaji kazi nyingine kwanza.

Familia ifanye nini?

Mke, watoto na wazazi wa mlevi nao wamechoka. Si kosa lao kwamba anakunywa, na hawawezi kumwachisha kwa nguvu. Wanayoweza kufanya ni haya: kuzungumza naye asubuhi akiwa hajalewa, wala si usiku wa manane, kusema jambo walilolishuhudia ("jana ulimsukuma mtoto") badala ya kumtukana, kutolipa deni lake la nganda, kutoficha makosa yake mbele ya wazee kila mara, na kumshukuru akihudhuria hata mara moja.

Lakini kama kuna kipigo nyumbani, usalama wa mama na watoto unatangulia. Kuhudhuria kikundi hakufuti kosa la kupiga, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumwambia mama, "Vumilia, sasa anakwenda kikundini." Amwone mama mshauri, atafute mahali pa kulala penye usalama.

Pale penye akina mama wengi wenye shida hii, nao wanaweza kukutana peke yao, kama jamaa wa Al-Anon wanavyofanya. Tumesikia mama akisema kwamba siku aliyoketi na wenzake ndiyo siku ya kwanza aliyojua si nyumba yake peke yake.

Akirudi kunywa

Wengi wanarudi kunywa, mara moja au mara nyingi, kabla ya kuacha kabisa. Aliyeanguka njiani hajarudi mwanzo wa safari. Anasimama mahali alipoangukia. Kikundi kizuri hakimwulizi "kwa nini umetuaibisha?" Kinamwuliza: "Ilianzia wapi? Ulikuwa na nani? Siku kama hiyo ikirudi utafanya nini?" Kisha kinamwambia, "Karibu, kiti chako kipo." Aibu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye chupa, msimwongezee. Na kama amekunywa siku nyingi mfululizo, kumbukeni tuliyosema juu ya mwili: muuguzi kwanza.

Kwa viongozi: lindeni, msitawale

Waheshimiwa mabwami, mashefu, wakubwa wa nyumba kumi, marais wa kambi na wachungaji, tunajua mnapenda kusaidia. Msaada wenu mkubwa ni huu:

- Toeni mahali tulivu na saa isiyogongana na soko, salongo wala ugawaji wa chakula.
- Semeni mbele ya watu wote kwamba anayekwenda kikundini hatapoteza msaada, cheo wala haki yake.
- Msiombe majina, wala msitume mtu wa kusikiliza.
- Msimtume mtu kikundini kama adhabu ya barza. Mnaweza kumshauri, lakini faini ni faini na kikundi ni kikundi. Mahali panapojazwa na watu waliolazimishwa, hakuna anayesema ukweli.
- Msifungue mikutano ya amani kwa makreti ya bia. Anayejaribu kuacha atakosa kuja, na sauti yake itapotea.
- Na kiongozi mwenyewe akiwa na shida hii, aende kikundini kama mtu wa kawaida. Anavua cheo mlangoni, anakivaa tena akitoka.

Kambi ikivunjwa, kikundi hakivunjwi

Baada ya vita vya mwezi wa kwanza 2025, kambi zilizozunguka Goma ziliachwa tupu katika mwezi wa pili. Jamaa nyingi zilibeba mabashi yao: wengine wakarudi vijijini Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia kwa familia za mjini, wengine wakavuka mpaka. Vikundi vilitawanyika pamoja na watu. Kwa mtu aliyekuwa na miezi 3 bila kunywa, hiyo ilikuwa hatari kubwa: njia mpya, njaa, hofu, na hakuna duara la juma.

Jambo hilo linatufundisha kujitayarisha mapema. Kila mtu ajue kwa kichwa namna ya kumpata mwenzi wake wa njia. Kila mtu azijue kanuni bila karatasi, maana karatasi inapotea, na ikikutwa njiani inaweza kuleta maulizo. Na kila mtu ajue kwamba anaweza kuanza kikundi kipya popote atakapofika.

Namna ya kuanza ni hii. Tafuta mtu mmoja mwenye shida kama yako, anayetaka kuacha. Chagueni siku moja na saa moja, wala msiibadilishe. Ketini mahali pasipo masikio ya watu. Kubalianeni mambo manne: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, kila mtu anasema habari zake tu, hakuna feza, hakuna chupa. Mwambieni muuguzi wa karibu kwamba mpo, ili ajue kuwatuma wengine kwenu. Juma lingine mtakuwa wawili tena, labda mmoja atakosa. Asiyekosa angoje saa yote. Mtu wa tatu atakapokuja, lazima akute mtu ameketi.

Maulizo ya kuzungumzia pamoja

1. Katika kartie, kambi au kijiji chetu, mtu anayetaka kuacha pombe anaweza kumwendea nani leo bila aibu?
2. Je, kituo chetu cha afya kinajua namna ya kumpokea mtu anayetetemeka kwa kukosa pombe? Nani atakwenda kuuliza?
3. Ni mambo gani katika mikutano, misiba na sherehe zetu yanayomfanya anayejaribu kuacha ashindwe?
4. Akina mama wanaokeneka wangehitaji nini ili wapate kazi nyingine?
5. Sisi viongozi tutasema nini mbele ya watu ili siri ya kikundi iheshimiwe?